Kuhusu Kosa la Fundi Kimya la Kuchelewa Kudai Haki Yake

Kwako Ndugu Msajili wa Mahakama, mlinzi wa mihuri, mafaili na saa ya ukutani,

Heshima yako na salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na zaidi ya yote itakukuta ndani ya muda. Sisi huku hatujambo, isipokuwa haki yetu, ambayo ilikata roho mezani kwako na hatukupewa hata mwili tukazike.

Mimi ni mkunga, nafanya kazi wodi ya wazazi katika hospitali ya mji huu. Ni dada mkubwa wa yule kinyozi kiziwi ambaye wateja wake humwita Fundi Kimya, aliyeishtaki serikali kwa kupigwa na kuwekwa mahabusu bila kosa. Utakuwa unamkumbuka. Ni yule aliyekuwa akikaa benchi la mbele na shati jeupe lililopigwa pasi, mkono wa kulia umepinda kidogo kama wa mtu aliyetaka kuomba kitu akaghairi. Shauri lake mlilitupa kwa sababu lilifika nje ya muda. Sheria inampa mtu mwaka mmoja wa kuishtaki serikali kwa jambo la namna ile. Yeye alifika mwaka umeisha, na siku tatu juu yake.

Siandiki kulaumu, Ndugu Msajili. Nimelelewa vizuri. Naandika kuipongeza mahakama kwa kutoyumba, na kuwashtaki kwako wote waliosababisha uchelewaji ule, kwa namba, ili kila mmoja achukuliwe hatua anazostahili. Mwishoni nina maombi machache ambayo naamini yatakupendeza.

1. Malalamiko dhidi ya ndugu yangu mwenyewe

Huyu ndiye mkosaji wa kwanza na simtetei kwa kuwa ni damu yangu.

Siku ile ya Ijumaa alifunga kibanda chake mapema, akabeba mfuko wenye mashine mbili za kunyolea zilizokuwa zikichemka sana, akawa anazipeleka kwa fundi wa umeme nyuma ya soko. Wakati huohuo polisi walikuwa wakimtafuta kijana aliyepora simu ya mama mmoja na kukimbilia upande huo. Koplo mmoja akamwona mtu amempa mgongo, ana mfuko, anatembea. Akapaza sauti, "Wewe! Simama!" Ndugu yangu hakusimama. Akapaza tena. Ndugu yangu akaendelea na safari yake. Watu wa duka la viatu waliona yote, wakapiga kelele, "Afande, huyo kiziwi! Hasikii huyo!" Lakini Koplo naye siku hiyo alikuwa hasikii.

Rungu la kwanza lilitua begani. Ndugu yangu akageuka, akafanya kile ambacho amekuwa akifanya tangu utotoni anapokutana na mtu mgeni: akagusa sikio kwa kidole, kisha akapunga mkono kuonyesha kwamba hakuna kitu mle. Kwenye maelezo yake Koplo aliandika kwamba mtuhumiwa "alirusha mikono kwa nia ya kumdhuru askari akiwa kazini". Rungu la pili na la tatu yakaishukia hiyo mikono.

Kisha wakamfunga pingu kwa nyuma. Wewe ni msomi, Ndugu Msajili, lakini pengine hujawahi kufikiria jambo hili: kiziwi akifungwa mikono, amezibwa mdomo. Alikaa mahabusu hadi Jumatatu akiwa amezibwa mdomo kwa chuma, vidole vimevimba kama viazi, na kwenye faili lake mtu mwenye mwandiko mzuri akaandika, "Mtuhumiwa amekataa kutoa maelezo." Jumatatu mporaji halisi akakamatwa na simu mfukoni. Wakamfungulia ndugu yangu mlango, wakamwonyesha njia kwa kidevu.

Sasa kosa lake ni hili. Pale alipokuwa amelala kwenye sakafu ya saruji alipaswa kutambua kwamba saa ya sheria ilianza kukimbia tangu rungu la kwanza. Badala ya kupanga hoja za kisheria, yeye alikuwa akiwaza maji ya kunywa. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakutafuta wakili usiku uleule, alinionyesha kwa ishara kwamba nikapime kichwa.

2. Malalamiko dhidi ya mifupa

Mkono wa kulia ulivunjika kwenye kifundo na vidole viwili. Nasema hili kwa aibu, kwa sababu nafanya kazi hospitali na nilidhani mifupa ya ukoo wetu ina adabu.

Kwanza mifupa ile ilikataa kutibiwa bila fomu ya polisi. Fomu ya polisi inatolewa kituo cha polisi. Kituo cha polisi chetu ni kimoja. Kwa hiyo nilikwenda kuomba kwa waliovunja kibali cha kuunga, na nilielezwa kwa upole kwamba mwenye fomu ametoka kidogo. Alitoka kidogo kwa muda mrefu sana.

Halafu plasta ilipofunguliwa, daktari akasema mfupa wa kifundo umeunga vibaya, lazima uvunjwe upya. Mama yetu alikuwepo. Aliushika ule mkono kama anavyoshika mtoto mchanga, akamwambia daktari, "Baba, huu si mkono tu. Mwanangu anaongea na huu." Daktari akasema anaelewa, na akatupa tarehe ya mbali. Ikaja operesheni, yakaja mazoezi, ikaja homa. Muda wote huo wakili alikuwa akitutaka tulete ripoti ya mwisho ya daktari inayosema mkono umebaki na ulemavu kiasi gani, na daktari alikuwa akisema hawezi kuandika ya mwisho kabla mkono wenyewe haujafika mwisho. Mifupa haikusoma sheria ya ukomo wa muda. Ilipona polepole, kwa dharau, kama ina maisha yake.

Niongeze kidogo hapa. Ndugu yangu sasa ananyoa kwa mkono wa kushoto. Mkuu wa kituo cha polisi, ambaye ni mteja wake wa zamani na hakuona sababu ya kuhama, siku moja alijitazama kwenye kioo, akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa pembeni nikisubiri, akasema, "Dada, mwambie Fundi siku hizi panki yake inapinda." Nikamwambia nitamfikishia Koplo malalamiko hayo.

3. Malalamiko dhidi ya wakili tuliyemwita Nipo Njiani

Jina la vyeti vyake silitaji, si kwa kumwogopa. Mtaani hakuna anayelitumia. Ukimpigia simu asubuhi, yupo njiani. Ukimpigia mchana, yupo njiani, na nyuma yake unasikia vijiko vinagonga vikombe. Nilikuwa nikifikiri kwamba kama kweli angekuwa njiani siku zote hizo, angekuwa amekwisha kuizunguka dunia na kutufikia kwa upande wa pili.

Utaniuliza kwa nini tulibaki naye. Kwa sababu mawakili wengine tuliowaendea walisikiliza vizuri sana mpaka pale nilipotaja neno polisi. Mmoja alisimama akafunga dirisha. Mwingine alisema mke wake hapendi kesi za namna hiyo. Nipo Njiani peke yake alipiga meza kwa kiganja, akasema, "Hii tunashinda! Hii mtu anashinda amelala!" Na ni kweli, Ndugu Msajili, sehemu ile ya kulala aliifanyia kazi kwa bidii.

Alichelewa kuituma ile notisi ambayo sheria inataka serikali ipewe kabla haijashtakiwa, ili isije ikashtuka. Nilimkumbusha kwa simu, nikamkumbusha kwa miguu yangu. Nilimkuta ofisini kwake ameweka faili la ndugu yangu juu ya karatasi nyingine ili feni isizipeperushe. Nikamwambia, "Mheshimiwa, mwaka unaisha." Akacheka kicheko cha mtu mwenye uzoefu. "Mama, mwaka ni mrefu. Tulia. Usinifundishe kazi, mimi sikufundishi kuzalisha."

Namshukuru kwa hilo. Angekuwa mkunga, wanawake wa mji huu wangekuwa bado wajawazito wa watoto ambao sasa wako shule.

4. Malalamiko dhidi ya mtandao, ambao si mtu

Siku ya mwisho kisheria ilikuwa Ijumaa. Nilibadilishana zamu na mwenzangu, nikafika masijala kwako asubuhi kabla hata mlinzi hajafungua lango. Nipo Njiani alikuwa njiani. Alitokea mchana umekwisha kugeuka, jasho linamtoka, karatasi zote zimesainiwa, na nilitaka kumkumbatia na kumnasa kibao kwa mkono mmoja.

Tukasogea dirishani. Karani wako ni dada mpole, ana sauti ya kubembeleza, namsalimu. Akatazama kompyuta, akatutazama sisi. "Mtandao hakuna."

Wakili akasema, "Pokea kwa mkono, gonga mhuri, utaingiza baadaye."

"Siruhusiwi, mheshimiwa. Siku hizi kila kitu ni kwenye mfumo."

Nikasema, "Mwanangu, leo ndiyo mwisho wetu."

Akaniwekea mkono juu ya mkono wangu kupitia tundu la kioo. "Mama, nendeni mkapumzike. Njooni Jumatatu asubuhi, hamtaharibikiwa. Si kosa lenu, ni mtandao."

Jumatatu asubuhi tulikuwa wa kwanza. Mtandao ulikuwepo, umechangamka. Mhuri ukagongwa, na mhuri ukasema Jumatatu, kwa sababu mhuri hauna huruma na hautakiwi kuwa nayo.

Baadaye jaji alipotuuliza kama tuna uthibitisho kwamba Ijumaa mtandao haukuwepo, tulikuja kuomba uthibitisho huo masijala. Tukaambiwa upo, ila unatolewa kwa mfumo, na mfumo hauna kumbukumbu ya wakati ambapo haukuwepo. Nililala nikiwaza sentensi hiyo. Mpaka leo naiona ni sentensi nzuri kuliko zote nilizosikia mahakamani.

5. Pole kwa serikali

Hapa silalamiki. Hapa natoa pole.

Serikali ilipaswa kutujibu kwa maandishi ndani ya muda uliopangwa. Muda ukapita, jibu hakuna. Tukaenda mahakamani, wakili wa serikali, kijana mtanashati mwenye koti la kijivu, akasimama akasema faili limechelewa kumfikia kutoka ofisi nyingine. Jaji akasema sawa. Kesi ikapigwa kalenda. Tukarudi, akasema maelekezo bado hayajafika. Kalenda. Tukarudi tena, mkalimani wa lugha ya alama hakuwepo kwa sababu hakuna aliyemwita, na hakuna aliyemwita kwa sababu barua ya kumwita ilikuwa inasubiri saini. Kalenda.

Hatimaye jibu la serikali likafika, na ndani yake mlikuwa na pingamizi moja zito. Pingamizi lilisema kwamba sisi tumechelewa.

Naomba nilirudie taratibu, maana mimi mwenyewe nililisoma mara kadhaa nikidhani miwani ina ukungu. Pingamizi la serikali kwamba sisi tumechelewa lililetwa kwa kuchelewa. Wakili wetu, kwa mara ya kwanza akiwa amefika, akasimama akalipinga. Jaji akafikiri, akasema mahakama italipokea hata hivyo, kwa maslahi ya haki.

Sikujua kabla ya siku ile kwamba haki ina maslahi. Nilidhani haina mali yoyote.

Wala siwaonei wivu. Serikali ina mambo mengi, ina majengo mengi, faili likitoka jengo moja kwenda jingine lazima lipumzike njiani. Ndugu yangu ana kibanda kimoja, kiti kimoja, kioo kimoja. Mtu wa namna hiyo akichelewa, amekusudia.

6. Malalamiko dhidi ya uamuzi, kwa kuwa mfupi

Siku ya uamuzi mkalimani hakuwepo pia. Ndugu yangu husoma midomo, tena vizuri, lakini jaji alisoma akiwa ameinamia karatasi, na kipara cha jaji hakisomeki. Alisema mahakama inasikitika kwa yaliyomfika mleta maombi, ila muda ni muda. Halafu watu wote wakasimama. Ndugu yangu akasimama pia, akiwa na lile tabasamu lake la kutaka kujua, kama mtu aliyefika harusini katikati ya hotuba.

Nikamtoa nje, tukasimama kwenye korido karibu na pipa la mchanga. Akaniuliza kwa mikono, ule mzima ukiusaidia ule mbovu: "Wamesema hawakunipiga?"

Nikamjibu, "Hapana."

"Wamesema walinipiga?"

"Hapana."

"Sasa wamesema nini?"

"Wamesema umechelewa."

Akatazama saa ya ukutani, ile yenu kubwa. Akatazama saa yake ya mkononi, akaona zinakubaliana. Akaniuliza, "Kwani walisema twende saa ngapi?"

Nimekuwa nikiwaambia akina mama habari mbaya kwa miaka mingi, Ndugu Msajili, na mikono yangu inajua kazi hiyo. Siku ile mikono yangu haikujua. Wakili wetu alitupita kwa haraka akiongea na simu. Alikuwa njiani.

7. Maombi

Kwa kuwa sasa nimeelewa kwamba muda ni muda, naomba kanuni hii nzuri isiachwe peke yake mahakamani kama mjane. Itandazwe kote, kila mtu afaidi.

Naomba kwanza kila askari apewe kalenda pamoja na rungu, na kabla hajapiga amwonyeshe raia tarehe, amtajie na siku ya mwisho ya kulalamika, polepole, na kwa kiziwi amwandikie.

Naomba mahakama itoe amri kwamba maumivu ya ndugu yangu yamepitwa na wakati. Kila baridi ikiingia, kifundo kile humwamsha, na kinamwamsha hadi leo, nje kabisa ya muda. Mkinipa amri yenye mhuri nitaibandika juu ya kitanda chake. Vilevile lipo tatizo la ndoto. Anaota amefungwa pingu, na kiziwi akiota hivyo hapigi kelele, anapiga ukuta. Mama analala chumba cha pili. Naomba ndoto hizo zipewe tarehe ya ukomo, na zikikaidi zishtakiwe kwa kudharau mahakama.

Naomba ruhusa ya kuitumia kanuni hii wodini kwangu. Mpaka sasa tumekuwa tukifanya kazi kizamani: mtoto akichelewa kutoka, tunaita daktari, tunakimbia, tunafanya kila njia atoke, na hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Kumbe tungeweza kumwambia mama, "Tunasikitika, muda umepita, rudi nyumbani na hicho ulicho nacho." Tungeokoa pamba nyingi.

Nimefika kwenye ombi lenyewe, ambalo ndilo lililonikalisha chini kuandika. Tumepata wakili mwingine, mama mmoja wa ofisi ya msaada wa sheria, ambaye akisema saa nne unamkuta saa nne. Ameleta kwako maombi ya kuongezewa muda, ili shauri la ndugu yangu lipokewe kwa sababu ya ule mtandao wa Ijumaa. Yule karani mpole, Mungu ampe maisha marefu, amekubali kuapa kwamba ni kweli. Mahakama ikaiamuru serikali ilete kiapo chake cha kutupinga kabla ya tarehe fulani. Ndugu Msajili, tarehe hiyo imepita. Nimekuja mwenyewe masijala kuuliza. Hawajaleta kitu.

Kwa hiyo nasema kwa heshima zote: wafungieni. Wakija na karatasi, msizipokee. Wakisema faili lilichelewa jengo jingine, waambieni mnasikitika. Wakisema mtandao, waombeni uthibitisho wa mtandao. Yule kijana wa koti la kijivu akisimama, jaji ainame juu ya karatasi yake asome maneno mawili, muda ni muda, halafu wote tusimame. Wasipewe siku, wasipewe saa, wasipewe hata nafasi ya kukohoa. Na isiwe kwa shauri hili tu. Serikali ikichelewa mara moja, ihesabiwe kwamba haipo, na sisi tuendelee kuishi kama watu ambao hawakuwahi kuwa nayo. Kwa upande wetu mazoezi tumekwisha kufanya.

Huo ndio usawa mbele ya sheria ninaouomba. Siombi huruma kwa ndugu yangu. Naomba ukali uleule, kwa kipimo kilekile, na ikiwezekana kwa sauti ileile.

Nimalizie kwa kukutakia kazi njema. Msalimie karani wa dirishani, na mlinzi wa lango ambaye hunikaribisha kwa kusema "Mama, umerudi tena?" Msalimie jaji, na kipara chake. Wasalimie na wale wanaosubiri kwenye mabenchi ya korido, wengine nimewazoea kiasi kwamba nawajua majina ya wajukuu. Mama yetu anakusalimu, na Fundi Kimya anasema kama nywele zimekuwa ndefu, pita kibandani.

Ni mimi mwenye adabu na saa inayokwenda vizuri,

Dada wa Mleta Maombi

Nyongeza:

Barua hii nilikwisha kuifunga kwenye bahasha jana. Leo nimelazimika kuichana.

Wakili wetu mpya alituita ofisini kwake asubuhi. Tulimkuta yule kijana wa koti la kijivu amekaa pale, hajakunja miguu. Serikali inaomba, kwa hisani yetu, turidhie kwa maandishi ipewe muda zaidi wa kuleta kiapo chake. Wakili akatueleza mbele yake bila kuficha: "Mkikataa, mna haki. Maombi yenu yatasikilizwa bila wao, na mtakuwa na njia nyepesi sana."

Nilisema "Tunakataa" kabla hajafunga mdomo. Kisha nikamtafsiria ndugu yangu, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu mwaka ule.

Yeye akauliza, "Tukikataa, Koplo atakuja?"

Nikamwambia, "Hapana. Tutasikilizwa peke yetu. Ndiyo raha yenyewe."

"Na tukikubali?"

Nikamuuliza wakili. Akasema kiapo kitabidi kiwe cha Koplo mwenyewe, na akishaapa tunaweza kuomba aletwe mbele ya jaji aulizwe maswali.

Nikamtafsiria ndugu yangu. Akasema, "Wape muda."

Nikamuuliza kama amerukwa na akili. Nikamuuliza kama wao walimpa hata dakika moja. Mikono yangu ilikuwa ikipiga kelele, nikaangusha kikombe cha kalamu cha wakili. Yeye akangoja nimalize. Kisha akasema, kwa ule mkono uliopinda, taratibu, maana akienda haraka haueleweki: "Nimekaa kwenye lile benchi kesi yote. Wamezungumza kuhusu tarehe. Sijamwona mtu hata mmoja akisema walichonifanya. Nataka nimwone akisema."

Kijana wa serikali akaniuliza, "Anasemaje?"

Nikamwambia, "Anasema muongezewe muda."

Akatazama viatu vyake.

Kwa hiyo, Ndugu Msajili, naomba ufute namba 5 yote, na lile ombi la mwisho nililolipenda sana ulifute pia, na pale nilipotaka wafungiwe, naomba wafunguliwe. Ridhaa imekwisha kusainiwa. Ndugu yangu amesaini kwa mkono wa kushoto, na mimi, ambaye sikubaliani naye hata kidogo, nimesaini chini yake kama shahidi. Wakichelewa tena, tafadhali wasubirini.

Tunaomba jambo moja tu. Siku hiyo mkalimani awepo, taa za chumba ziwashwe zote, na Koplo aketi mahali ambapo mdomo wake unaonekana.